Raspberry Pi Zero 2 W na Camera Module 3: mlango wa mzinga, mubashara

Nafuga nyuki, na tathmini hii nimeiandika kwa jicho la mfugaji. Ukiniona nasifu kitu ambacho mpiga filamu angekibeza, ujue sababu. Nilitaka kamera ya kukaa nusu mita mbele ya mlango wa mzinga, mchana na usiku, inirushie picha mubashara kwenye simu: nani anarudi na chavua miguuni, walinzi wanamzuia nani, saa ngapi wanaanza kupunga mabawa kuupoza mzinga, na zaidi ya yote, nilione kundi linapoanza kumiminika nje kabla halijahama.

Kamera za ulinzi zinazouzwa zikiwa tayari nilizipita makusudi. Nyingi zimetengenezwa kumwona mtu uani. Lenzi yake imefungwa iangalie mita kadhaa mbele, kwa hiyo nyuki aliye karibu anaonekana kama doa lenye ukungu. Nyingine hazikubali kuwaka mpaka ujisajili, na picha za mzinga wako zizunguke kwanza kwenye seva ya kampuni ndipo zikurudie wewe uliyesimama hatua chache kutoka hapo. Nikachukua Raspberry Pi Zero 2 W, yaani kompyuta ndogo ya bodi moja, Camera Module 3 ya kuunganisha nayo, yenye lenzi ya kawaida, na programu ya bure ya kurusha video iitwayo MediaMTX. Hukumu yangu naitoa mapema: kwa kazi hii seti hii inatosha, na bodi mpya zaidi ya familia hiyohiyo isingenipa picha bora.

Hilo la bodi mpya ndilo watu hubishana nami, basi nilimalize. Video ghafi ya pikseli 1920 kwa 1080, fremu 30 kila sekunde, ni karibu megabiti 750 kwa sekunde. Hakuna waifai ya nyumbani itakayoibeba. Lazima ibanwe mpaka megabiti mbili, tatu au nne, na kubana ndiyo kazi nzito kuliko zote hapa. Kamera yenyewe haina shida. Zero 2 W, iliyotoka mwaka 2021, ina sehemu maalumu ndani ya chipu yake inayobana video kwa H.264, mtindo wa kubana unaotumika sana, hadi ukubwa huo wa 1080 kwa fremu 30, huku prosesa ikipumzika. Pi 4, bodi kubwa ya familia hiyo, nayo inayo. Pi 5 ya mwaka 2023, pamoja na nguvu zake zote, haina. Waliiondoa, na kazi hiyo inafanywa na prosesa kuu. Inaiweza, tena bila kutoka jasho sana, ila inakula umeme zaidi na kupata joto zaidi, na adapta yake rasmi ni ya ampia 5. Ndani ya kisanduku cha plastiki juani, joto ndilo adui. Kama una Pi 5 nyumbani itumie, itafanya kazi. Kama unakwenda kununua kwa ajili ya kurusha picha tu, usilipie misuli ambayo utaitumia kufanya kile ambacho bodi ndogo inakifanya usingizini.

Udhaifu wa Zero 2 W uko kwingine. Kumbukumbu yake ni megabaiti 512 basi. Weka ule mfumo wa Raspberry Pi OS usio na skrini ya madirisha, yaani Lite, na usiitwishe kazi ya pili. Waifai yake ni ya gigahazi 2.4 peke yake, hiyo nitairudia.

Sasa kamera. Module 3 ilitoka Januari 2023 ikiwa na sensa ya Sony IMX708 ya megapikseli karibu 12, na kilichonivuta ni lenzi inayojirekebisha yenyewe. Ile ya toleo la pili (Module 2), ya mwaka 2016, yenye IMX219, ilikuwa na lenzi ya kuzungusha kwa mkono, na anayeijua anajua adha ya kuizungusha kwa kijiti cha plastiki huku nyuki wanakuzunguka. Hii ya tatu unaipa namba. Namba yenyewe ni moja ugawanye kwa umbali wa mita: nusu mita ni 2, mita moja ni 1, mbali kabisa ni 0. Mimi nimeiweka 2 na nikazima kujirekebisha. Na hapa nasisitiza kwa yeyote anayetazama kitu kisichohama, iwe mlango, kiota au mashine: zima. Lenzi inayojirekebisha muda wote itamfuata nyuki aliyepita karibu na kioo, mlango upotee kwenye ukungu, kisha irudi, kisha apite nyuki mwingine. Hiyo si kasoro, ndiyo kazi iliyotumwa. Wewe huitumi kazi hiyo.

Faida ya pili wengi hawaitaji. Kwenye kamera ya pili, ukiomba video ya 1080 unapewa kipande cha katikati ya sensa, si picha nzima, kwa hiyo kila kitu kinaonekana kimesogezwa karibu na kingo zimekatwa. Dawa ilikuwa kuilazimisha itumie hali ya 1640 kwa 1232. Ya tatu ina hali ya 2304 kwa 1296 inayotumia sensa nzima, na ukiomba 1080 unapata upana wote: nyuzi 66 kutoka kushoto hadi kulia kwa lenzi ya kawaida, 102 kwa lenzi pana. Kwa nusu mita, nyuzi 66 zinanipa kama sentimita 65 za mbele ya mzinga. Lenzi pana ingenionyesha mizinga ya jirani na nyuki wangekuwa punje.

Mwendo wa nyuki ndio mtihani wenyewe. Mabawa yanapigwa zaidi ya mara 200 kwa sekunde, na kamera ikiachwa iamue, kwenye kivuli itafungua shata (kile kinachoamua mwanga uingie kwa muda gani) kwa muda mrefu na nyuki atakuwa mstari wa kahawia. Nilijaribu kuifunga kwenye mikrosekunde 1000. Mchana mwili wa nyuki unakuwa wazi, hata vifurushi vya chavua vinaonekana rangi yake, na mabawa yanabaki kivuli chepesi, jambo ambalo sina ugomvi nalo. Jioni picha inazama gizani kwa sababu umeifunga mikono. Suluhisho la kati ni kuiambia ipendelee shata fupi lakini ijiamulie. Katika MediaMTX mstari wake ni rpiCameraExposure: short. Huo nimeuacha.

Usiku unahitaji kamera nyingine. Kuna toleo la NoIR, lisilo na kichujio cha mionzi ya infraredi, na ukiliwashia taa ndogo ya infraredi ya nanomita 850 unaona walinzi mlangoni kama mchana wa rangi ya kijivu. Nyuki hawasumbuki. Karl von Frisch, yule aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1973, alionyesha mapema katika karne ya 20 kwamba nyuki wanatambua rangi lakini nyekundu ni giza kwao, na infraredi iko mbali zaidi ya nyekundu. Bei yake ni kwamba mchana rangi za NoIR zinageuka, majani yanakuwa ya waridi, na chavua huwezi kuitambua tena. Kwa sababu naipenda chavua kuliko usiku, kwenye mzinga mkuu nimeweka ya kawaida, na NoIR iko kwenye mzinga mwingine. Mchovya asali hachovyi mara moja.

Utepe wa kamera ndio sehemu iliyonichosha. Module 3 inakuja na utepe wa pini 15, ule mpana. Zero 2 W ina tundu jembamba la pini 22, na Pi 5 vilevile. Bila utepe wa kubadilisha, mpana huku na mwembamba kule, hujaanza, na maduka mengi huuza kamera bila kumkumbusha mnunuzi. Kikufuli cha tundu la Zero ni chembamba kama ukucha. Kivute kwa kucha mbili pande zote kwa usawa, wala usikipe nguvu. Umeme uwe umezimwa. Ukimaliza, andika rpicam-hello --list-cameras. Ikikutajia imx708, utepe umekaa sawa. Ikikujibu kwamba hakuna kamera, usianze kubadilisha mipangilio, toa utepe uurudishe. Kwa kila niliyemsaidia, tatizo lilikuwa hapo.

Umeme usiufanyie mzaha. Adapta ya Zero 2 W ni ya volti 5 na ampia 2.5, lakini adapta nzuri yenye waya mrefu mwembamba ni sawa na adapta mbovu, kwa sababu volti zinapotea njiani. Bodi hailalamiki kwa sauti. Inapunguza kasi, au inajizima na kuwaka tena wakati waifai na kamera vimevuta pamoja, na wewe unaanza kuilaumu programu. Andika vcgencmd get_throttled. Jibu la 0x0 ni afya. Ukiona 0x50000, umeme ulishuka wakati fulani tangu iwashwe hata kama sasa hivi uko sawa. Mimi niliutoa waya uliokuja bure pamoja na kifaa kingine, nikaweka mnene na mfupi, jibu likawa sifuri.

Kabla ya programu, onyo kuhusu maelekezo ya zamani. Ukikuta mwongozo unaotaja raspivid, au unaokutuma raspi-config ukawashe kamera, ni wa enzi iliyopita. Amri hizo ziliondoka na Bullseye, toleo la Raspberry Pi OS la mwaka 2021, zikaja za libcamera, na kwenye Bookworm mwaka 2023 zikapewa jina la rpicam. Faili la mipangilio nalo lilihama, sasa liko /boot/firmware/config.txt. Mwongozo mzuri wa mwaka 2018 utakupotezea siku nzima pamoja na uzuri wake.

Njia fupi kuliko zote haihitaji kuongeza chochote. Kwenye bodi unaandika:

rpicam-vid -t 0 --inline --listen -o tcp://0.0.0.0:8888

na kwenye kompyuta unafungua VLC, programu ya bure ya kuchezea video, kwa anwani ya tcp/h264:// ikifuatiwa na namba ya bodi na :8888. Sifuri baada ya -t maana yake usikome. Neno --inline linarudia vichwa vya video kila fremu kamili, ili anayejiunga katikati aelewe anachopokea. Kwa kujaribu kama kamera inaona, njia hii ni tamu. Kwa kuishi nayo haifai: mtazamaji ni mmoja, akifunga VLC amri inakufa, na VLC yenyewe inaweka akiba ya sekunde nzima kabla ya kuonyesha, hivyo huna mubashara hapo, una habari za punde.

MediaMTX ndiyo iliyobadilisha mambo, na ndiyo sababu hasa ya mimi kuandika. Zamani iliitwa rtsp-simple-server. Ni faili moja la programu na faili moja la mipangilio, mediamtx.yml, hakuna cha kusakinisha zaidi. Inaijua kamera ya Raspberry Pi moja kwa moja. Chini ya paths unaandika jina, mimi nimeandika mzinga, kisha source: rpiCamera, kisha upana, urefu, fremu na namba ya lenzi. Zingatia nafasi mwanzoni mwa mistari. Faili hilo halitaki kitufe cha Tab hata kidogo, linataka nafasi za kawaida, na likikuta kosa linagoma zima. Ukiiwasha, picha ileile inatoka kwa milango kadhaa kwa wakati mmoja, kila mmoja ukiwa na namna yake ya kurusha video na namba yake kwenye anwani: RTSP kwenye 8554, HLS kwenye 8888, WebRTC kwenye 8889. Unachagua kwa kubadilisha anwani tu.

Tofauti ya milango hiyo ni kuchelewa. Namna ya kupima ni rahisi: washa saa ya kuhesabu kwenye simu moja, iweke mbele ya kamera, fungua mubashara kwenye kifaa cha pili, kisha piga picha moja inayochukua vyote viwili. Tofauti ya namba ndiyo kuchelewa kwako. Kwa WebRTC, ndani ya nyumba, naona chini ya nusu sekunde, na inafunguka kwenye kivinjari cha simu bila programu yoyote. RTSP kwa VLC inacheza kwenye sekunde moja na kitu mpaka upunguze akiba ya VLC. HLS inakata video vipandevipande na mtazamaji anasubiri kadhaa vikusanyike, kwa hiyo inachelewa kwa sekunde nyingi zaidi. Nayo ina wema wake, inapita kwa watazamaji wengi na mitandao dhaifu bila kukatika.

Utasema, nyuki hawana haraka, sekunde kumi zina shida gani? Jaribu kuielekeza kamera. Umesimama mbele ya mzinga, kofia ya wavu kichwani, glavu moja umevua ushike simu, unasogeza kamera kidogo kushoto na simu inakuonyesha ilipokuwa zamani. Unasogeza tena. Kisha picha zote mbili zinafika pamoja na umepitiliza. Kwa WebRTC nilisogeza, nikaona, nikakaza skrubu.

Rudi kwenye waifai. Gigahazi 2.4 inapenya ukuta na majani kuliko 5, hiyo ni heri kwa mizinga iliyo mbali na nyumba, lakini kila mtu anaitumia na nafasi ni finyu. Antena imechorwa kwenye bodi yenyewe, basi kisanduku cha chuma kitaifunga mdomo, weka plastiki. Zima usingizi wa waifai kwa iw wlan0 set power_save off, la sivyo picha itaganda kila baada ya muda bila sababu unayoiona. Nami niliteremsha kiwango mpaka megabiti 2 kwa sekunde, kwa fremu 1280 kwa 720. Nyuki kwenye mbao ni picha ngumu kubana, kila kitu kidogo kinasogea upande wake, na kwa 1080 kwenye megabiti hizohizo mbao zinageuka matope. Afadhali picha ndogo iliyo safi.

Ndani ya nyumba hizo megabiti 2 hazigusi bando. Nje ni hesabu nyingine: ni megabaiti 900 kwa saa, gigabaiti 21.6 kwa siku kama kamera inatazamwa bila kukoma, na kwa WebRTC kila mtazamaji anavuta nakala yake kutoka kwenye bodi yako. Mstari wa sourceOnDemand: yes unaifanya kamera iamke pale tu mtu anapofungua ukurasa. Unasubiri kidogo mwanzoni, lakini bodi inapoa na data inabaki.

Usalama nitausema kwa ukali kidogo. MediaMTX ikitoka kwenye boksi inamruhusu yeyote aliye kwenye mtandao wako kutazama, hata kurusha. Nyumbani kwako sawa. Ukiifungulia njia kwenye ruta ili uione ukiwa safarini, umeifungulia dunia nzima. Weka jina na nenosiri kwenye mediamtx.yml, na ukiwa mbali ingia kwa WireGuard au Tailscale, programu za kukupitisha kwa njia ya faragha (VPN) hadi nyumbani, ruta ibaki imefungwa. Hii ni muhimu pia kwa wale ambao kampuni yao ya intaneti imewaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Kwao kufungua njia kwenye ruta hakusaidii kitu hata wakitaka.

Kuhusu YouTube, niliulizwa na wafugaji wenzangu, basi kwa ufupi. Inawezekana kwa kupitisha RTSP kwenye ffmpeg, programu ya bure ya kushughulikia video, kwenda anwani ya RTMP ambayo YouTube hupokelea video, bila kubana upya. Mara ya kwanza kuomba ruhusa ya kurusha mubashara unaweza kusubiri hadi saa 24, usiahidi watu leo jioni. Kamera hii haina maikrofoni, na YouTube inataka wimbo wa sauti hata kama ni kimya, hivyo mwambie ffmpeg aongeze ukimya kwa anullsrc. Fremu kamili ziwe kila sekunde mbili. Kwa fremu 30 hiyo ni rpiCameraIDRPeriod: 60.

Nimeipa nyota nne. Ile ya tano imeondoka na utepe unaouzwa kando, na kumbukumbu ya 512 ambayo hainiachii nafasi ya programu ya kuhesabu nyuki kwenye bodi ileile. Anayetaka kuhesabu au kutambua vitu kwenye picha achukue Pi 4 yenye gigabaiti 4, bado ina ile sehemu ya kubana video. Anayetaka kamera ya getini ya kufunga na kusahau, asijisumbue na hii kabisa. Na anayeuliza kama inaweza kuwekwa ndani ya mzinga: inaweza, lakini nyuki huziba kila mwanya mdogo kwa gundi yao, na lenzi haina kinga dhidi ya hilo. Yangu iko nje, nyuma ya kioo, na kioo nakifuta kwa kitambaa chenye maji matupu kila ninapokagua, kwa sababu dawa za vioo zina harufu na walinzi wa mlangoni hawana subira nazo.